Maganda ya Maharage Ukingoni mwa Sahani

Binti yangu ana miaka mitatu na miezi minne, na maharage anayala hivi: anaokota punje moja kwa vidole viwili, anaing'ata kwa meno ya mbele, anaiminya kwa ulimi mpaka nyama ya ndani itoke, kisha ganda analitoa mdomoni na kulibandika ukingoni mwa sahani. Punje ya pili, ganda linakaa jirani na la kwanza. Akifika ya tano pameshakuwa na mstari. Ole wako uuguse. Ukipitisha kijiko hapo ili umwongezee mchuzi, mlo umekwisha. Anasimama, anaondoka mkekani, na ukimwita haitiki.

Kwa muda mrefu mstari ule ulinipandisha hasira. Natoka kazini nimechoka, maharage nimeyaloweka tangu jana usiku, gunia la mkaa limepanda bei, halafu mtoto anayafungua moja moja na kuacha nusu. Siku hizi nayatazama maganda yale kwa jicho lingine. Nimeamua kuandika nilivyofika hapo, maana najua usiku huu kuna mama au baba huko Mwanjelwa, au Mafinga, au Makambako, amekaa na bakuli lililopoa mkononi na machozi yako karibu.

Mimi ni mzaliwa wa Kilolo, Iringa. Nimeolewa Rungwe, naishi Mbeya, na kazi yangu iko Uyole, kwenye duka la pembejeo karibu na njia panda, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Iringa. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mimea. Wateja wangu ni wakulima, na wengi ni kina mama waliobeba watoto mgongoni. Kwa hiyo watoto wa nyanda za juu nawaona kila siku, kaunta kwa kaunta, na macho yangu yamezoea kuwapima hata nisipotaka.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulisema kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa ni asilimia 56.9. Njombe ni 50.4 na Rukwa ni 49.8. Niliposikia namba hizo nilikuwa nanyonyesha. Nikatoka nje ya duka, nikaangalia barabara: lori la viazi, lori la mahindi, lori la mchele wa Mbarali, gari la parachichi kutoka Rungwe, yote yanashuka Dar es Salaam. Mikoa inayoshibisha nchi ndiyo yenye watoto waliopungukiwa zaidi. Lile jambo liliniuma na linaniuma mpaka leo.

Kwa niliyekulia Kilolo, sababu zake si fumbo. Msimu wa kilimo ukianza, mama anatoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji mweupe wa mahindi. Uji ule ukiisha ndiyo basi mpaka jioni, wakati mtoto wa miezi tisa hadi miaka miwili anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Maharage yapo, lakini yanapimwa kwa debe na kuuzwa kulipia mbolea ya mwaka unaofuata. Mayai yanauzwa. Maziwa yanauzwa. Baba naye, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiwa umekolea, anarudi saa nne usiku. Ugali unaliwa, tena ugali mwingi, ila ugali peke yake hujaza tumbo bila kurefusha mifupa. Mtoto wa nyumba ile hachagui chakula, kwa sababu hana cha kuchagua.

Wangu alikuwa na cha kuchagua, naye akakataa. Na kila alipokataa, mimi sikumwona mtoto aliyekataa uji. Nilimwona akiingia kwenye ile asilimia 56.9. Wataalamu wa lishe wanasisitiza siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili, kwamba udumavu ukishaingia hapo ni vigumu sana kuurudisha nyuma. Binti alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Nilikuwa nazihesabu zile zilizobaki.

Hapo ndipo nilipoanza kumkaba.

Wengi wenu mnajua ninachosema. Unakaa kwenye kigoda, unamlaza mtoto mapajani, miguu yake unaibana katikati ya miguu yako, mikono unaifunga kwa kanga. Mkono mmoja unashika taya, mwingine kikombe. Akifumba mdomo unabana pua, akifungua kuvuta pumzi unamimina. Mama yangu alitukaba sisi wote saba. Jirani yangu alinielekeza namna ya kuinamisha kikombe. Hakuna aliyeona ni ukatili, kila mtu aliona ni upendo, na hata mimi nilikuwa nikilia huku namimina.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya inayotoa moshi mdomoni, uji wa ulezi uliingia njia isiyo yake. Alikohoa mara moja, kisha hakukohoa tena. Macho yalitoka. Uji ulimtokea puani. Nilimgeuza kifudifudi kwenye paja, kichwa kikaelekea chini, nikampiga mgongoni kwa kiganja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katika ile ya nne au ya tano alilia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko kilio kile. Tulikaa sakafuni sote wawili, kanga imelowa, kikombe kimebingirika mpaka mlangoni.

Kikombe kilikuwa cha plastiki, cha kijani. Kwa miezi mitano baada ya siku ile hakukubali kunywa chochote kutoka katika kikombe cha kijani, hata maji, hata cha mtoto wa jirani. Uji wenyewe, ukiwekwa kwenye bakuli jeupe, aliuonja. Mtoto wa umri ule hawezi kukueleza anachoogopa, lakini mwili wake unatunza kumbukumbu. Kama unamkaba mwanao leo, nakuomba uache leo. Najua tulikabwa na tukakua. Wapo pia ambao uji uliingia mapafuni na hawakukua, ila kwao hakuna wa kusimulia.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kliniki. Aliwekwa kwenye ile kaptula ya kupimia, akaning'inia kwenye mizani akirusha miguu, kilo kumi na nusu. Muuguzi aliweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ulikuwa unapanda taratibu, haujalala, na uko kwenye rangi ya kijani. Mimi nikasema, "Dada, huyu mtoto hali kabisa."

"Tangu asubuhi amekula nini, mama?"

"Hajala kitu."

"Hata chai?"

Chai alikunywa, ya maziwa, na andazi nusu. Saa nne? Saa nne alilia, binti anayenisaidia nyumbani akampa biskuti na maziwa kikombe. Njiani? Juisi ya paketi, ili atulie kwenye bajaji. Yule dada alikuwa akiandika kila kitu pembeni ya daftari lake, bila kunikatisha. Alipomaliza akanigeuzia daftari. "Mama, mwanao hajakataa chakula," akasema. "Ameshiba."

Akanieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi aelezwe mapema. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo kumi na nusu anabeba kiasi cha kikombe kimoja kikubwa, basi. Kikombe cha maziwa saa kumi na moja jioni ni mlo wake wa usiku umeshaliwa, wewe hujui tu. Maziwa ni mazuri, lakini madini chuma yake ni haba mno; mtoto anayekunywa nusu lita na zaidi kila siku huku akikataa mboga na maharage anaweza kuishiwa damu akiwa mnene. Na akiishiwa damu, hamu ya kula nayo inapungua, mnaingia kwenye mzunguko. Chai ndiyo kabisa, inazuia mwili kufyonza chuma cha maharage na cha mboga za majani. Sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi tunaipa chai heshima ya chakula, kumbe mezani kwa mtoto inanyang'anya. Kipande cha chungwa au papai baada ya maharage kinafanya kazi ya kinyume chake.

Akanionyesha pia kwenye kadi kile ambacho sikuwahi kukiona ingawa kadi nilikuwa nayo mimi. Binti alizaliwa na kilo 3.1. Alipotimiza mwaka alikuwa na 9.2. Yaani mwaka wa kwanza aliongeza kilo sita. Mwaka wa pili mtoto mwenye afya huongeza kilo mbili, mbili na nusu hivi. Mwili umepunguza mwendo, kwa hiyo na njaa inapungua. Mama anakumbuka mtoto aliyekuwa anamaliza bakuli akiwa na miezi kumi, anamwona huyu wa mwaka na nusu anakula vijiko vinne, anadhani kuna ugonjwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi na nikiwa na aibu. Biskuti za saa nne sikumlaumu binti wa nyumbani; mtoto akilia, majirani wanasema anampiga, na biskuti ndiyo kinga yake. Tulikaa wawili tukapanga: asubuhi uji, saa nne tunda au parachichi, saa saba chakula, saa kumi kitu kidogo, kisha hakuna kitu ila maji mpaka mlo wa jioni. Juma la kwanza lilikuwa gumu. Juma la pili mtoto alianza kuja jikoni mwenyewe kuuliza kama ugali umeiva.

Mlo wa jioni nao tulilazimika kuusogeza. Kwetu, kama kwa wengi, chakula cha usiku kilikuwa kinaiva saa mbili, kinaliwa saa mbili na nusu taarifa ya habari ikiisha. Mtoto wa miaka miwili saa mbili na nusu usiku ni usingizi uliokalishwa. Analia, anakataa, anasukuma sahani, na sisi tunamwita mteuzi. Sasa tunakula saa kumi na mbili na nusu, dakika chache baada ya mimi kuvua viatu. Mume wangu alinung'unika kwamba mwanaume hawezi kula jua likiwa bado linaonekana juu ya mlima Loleza. Nilimwambia asubiri chake kwenye hotipoti. Alisubiri siku mbili peke yake, ya tatu akaja mkekani.

Lakini kilichobadilisha mambo hasa kilikuwa safari ya Tukuyu.

Tulikwenda likizo ya Juni, kwa mama mkwe. Nyumba ilikuwa imejaa: watoto wa shemeji, watoto wa wifi, jumla walikuwa sita wa chini ya miaka tisa. Kule chakula ni ndizi. Ndizi za kupika na maharage, ndizi na maziwa, ndizi na nyama siku ya mgeni, na majani ya maboga yaliyotwangiwa karanga karibu kila siku. Binti yangu wakati huo alikuwa amefikisha miaka miwili na nusu na hakula kitu chochote cha rangi ya kijani. Nilikuwa nimebeba tambi na viazi kwenye begi, kwa tahadhari.

Jioni ya kwanza sinia liliwekwa katikati ya watoto. Nikachuchumaa nyuma ya binti na kijiko changu na tambi zangu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua maharage ya kesho kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Mama, wewe umekula?"

"Bado, mama. Namlisha huyu kwanza."

"Hana mikono?"

Nikanyamaza. Akaendelea kuchambua. "Mwache," akasema. "Njoo ule. Ukila wewe, naye ataona chakula kinaliwa."

Nilikaa na watu wazima, mgongo kwa watoto, na nawaambia, kukaa na mgongo ule ilikuwa kazi nzito kuliko kupakua gunia la mbolea. Nilisikia wanavyocheka, wanavyogombania ukoko. Binti alikula vipande viwili vya ndizi. Basi. Alilala na njaa kidogo, akaamka, hakufa. Asubuhi alikunywa uji wote.

Jioni ya pili vile vile, na punje chache za maharage. Jioni ya tatu nilikuwa nimejifunza kugeuka kwa jicho la pembeni. Kuna binamu yake wa miaka mitano, mtoto mwenye mapengo, anayekula majani ya maboga kwa kuyakunja kwenye kipande cha ndizi kama sambusa. Binti alimtazama akikunja. Akamtazama akitafuna. Akachukua ndizi yake, akaibonyeza kwenye majani, akaweka mdomoni, akakunja uso, akameza. Nilitaka kupiga vigelegele. Mama mkwe alinikazia macho kutoka upande wa pili wa moto, na nikafunga mdomo. Hakuna aliyempongeza mtoto. Hakuna aliyeona isipokuwa sisi wawili. Akachovya tena.

Baadaye, kwenye simu usiku, nilisoma kwamba jambo hilo limepimwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alitoa mwaka 1980 utafiti wa watoto wadogo wa shule ya awali: alimketisha mtoto anayependa mboga moja pamoja na wenzake wanaopenda nyingine. Siku kadhaa za kula pamoja zilitosha kumfanya mtoto aanze kuchagua ile aliyokuwa ameikataa. Nilipomsomea mume wangu, akasema kwao hilo halihitaji utafiti. Babu yake alimsimulia kwamba zamani, katika Unyakyusa, wavulana wa rika moja walikula pamoja, wakizunguka: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wageni waliofanya uchunguzi Rungwe miaka ya 1930 waliliandika hilo pia. Mtoto alijifunza kula mapishi ya kila mama, maana mbele ya wenzako huwezi kulia kwamba kwenu wanaweka chumvi zaidi.

Hata hivyo sitaki kulipamba sinia kupita kiasi. Nimewahi kula kwenye sinia nikiwa mdogo Kilolo. Sinia moja, watoto saba, ugali wa moto: mwenye mkono mkubwa na koo gumu ndiye anayeshiba. Mdogo anayetafuna polepole anakuta mchuzi umekaushwa, na mama jikoni anadhani wote wamekula. Kliniki wanapotuambia mtoto mdogo awe na bakuli lake, ili ujue amekula kiasi gani, wana haki kabisa. Mimi nimechukua yote mawili. Binti ana sahani yake, ila iko kwenye mkeka ule ule, ina chakula kile kile tunachokula sisi, na hakuna simu mkekani. Nimewahi kumlisha akiangalia katuni. Mdomo unafunguka wenyewe, bakuli linaisha, lakini ukimuuliza amekula nini hajui, na siku chaji ikiisha unarudi mwanzo.

Kuna kanuni moja niliyoshikamana nayo, ya mtaalamu wa lishe wa Marekani anayeitwa Ellyn Satter. Mzazi ndiye anayeamua nini kinaliwa, saa ngapi na wapi. Mtoto ndiye anayeamua kama atakula, na kiasi gani. Inaonekana rahisi mpaka uijaribu siku amekataa kila kitu na wewe unatakiwa ukae kimya, utafune chako, uzungumze mambo mengine. Upande wangu wa kanuni nao una kazi. Kila mlo nahakikisha kuna kitu kimoja anachokula bila shida, hata kama ni ndizi au ugali mtupu, asiondoke amedhulumiwa. Sipiki sufuria ya pili. Nampakulia kidogo sana, kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri wake, akitaka ataomba. Kwenye baridi hii hilo lina faida nyingine: ugali mdogo anaumaliza ukiwa bado wa moto, mkubwa unapoa, unaota utando, halafu unamlaumu.

Na ahadi za biskuti nimezikomesha. "Maliza mchicha nikupe biskuti" ni sentensi niliyoitamka labda mara mia mbili. Huyo huyo Birch alionyesha miaka ya 1980 kwamba mtoto anayelipwa ili atumie kitu anaishia kukipenda pungufu. Ukikaa ukafikiri, mtoto ana akili: kama mchicha ungekuwa mzuri, mama angelazimika kulipa?

Majani ya maboga tuliporudi Mbeya aliyakataa tena. Usishangae na kwako. Tangu miaka miwili mpaka sita hivi mtoto huogopa chakula kipya, na kisichozoeleka nyumbani kinahesabika kipya hata kama alikila kwa bibi. Nadhani kuna hekima humo ndani ya mwili; ndiyo umri anaoanza kutembea peke yake na kuokota vitu, na uchungu wa jani mara nyingi ni dalili ya sumu. Watafiti wanasema chakula kinaweza kuhitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu, tunatangaza "huyu hali mboga" mbele yake, naye anaibeba hiyo kama jina.

Niliweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Majani ya maboga: mara ya kumi na moja. Karoti: ya nne tu, kwa kuwa nilimwacha aipare mwenyewe. Mnafu, hapana, na sitamlazimisha, hata mimi nilianza kuupenda nikiwa mkubwa. Maharage alikuwa anayakataa kwa sababu ya maganda, nami sikujua hilo mpaka nilipoacha kumlisha na kuanza kumtazama. Sasa nanunua ya njano, yanaiva laini, nayaloweka usiku, na maganda akitaka kuyatoa ayatoe.

Maneno ya watu bado yapo. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," wananiambia, wakimaanisha nimemdekeza. Mwingine humwambia mtoto mwenyewe kwamba mchagua nazi hupata koroma. Ana miaka mitatu, jamani. Kwenye kosta mama nisiyemjua alimshika mkono akaniuliza kama namlisha. Nilimwonyesha kadi. Kwa kweli niliitoa kwenye pochi nikamwonyesha mstari.

Maana mstari wa kadi ndio ninaousikiliza, na ndio utakaonipeleka hospitali ukilala. Kuacha mtoto aamue hakumaanishi kuacha kuangalia. Uzito ukigoma miezi miwili mitatu, akipaliwa mara kwa mara, akiharisha, viganja vikipauka, akianza kula udongo, mdomo ukiwa na vidonda, hapo si uchaguzi tena, nenda. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba, usipitwe. Na mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zisage.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, dada wa Igurusi, alikuja kununua mbegu akiwa na mtoto mgongoni wa mwaka na kitu. Akaniuliza dawa ya hamu ya kula. Nilimwambia dukani kwangu dawa ni za mahindi. Tukakaa nje kwenye magunia, akaniambia anakwenda shambani saa ngapi, anarudi saa ngapi, mtoto anaachiwa nini. Kumbe hamu ya kula mtoto anayo, mlo ndio haupo katikati ya mchana. Tulizungumzia parachichi, linaloweza kupondwa na mtoto wa miaka saba bila moto. Alisema kwao wanawapa nguruwe yaliyoanguka. Aliondoka na mbegu zake na ahadi ya kujaribu.

Jana usiku tulikula maharage. Binti alikaa upande wa baba yake. Alipomaliza, aliyahesabu maganda kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Baba yake akang'ata punje, akatoa ganda, akalibandika ukingoni mwa sahani yake mwenyewe. Mtoto akalitazama, akalisogeza kidogo likae sawa, akanyoosha sahani yake kwangu.

"Mama, mengine matatu."

Dagaa bado hawagusi. Alhamisi nakaanga tena.